Usiivunje kalamu ya mwanao

Leo tuna barua mkononi ambayo tumekaa nayo kwa siku nyingi kuliko ilivyo desturi yetu, na mwisho wa makala hii utaelewa kwa nini.

Barua imetoka kwa mama mmoja wa Tanga, mjane, mwenye watoto wanne. Mkubwa wao ni kijana wa miaka kumi na tisa aliyemaliza kidato cha nne na matokeo yake hayakuwa mazuri. Mama anasema kijana huyo tangu akiwa madrasa alikuwa akiadhibiwa kwa kuchelewa kumaliza ubao wake, kwa sababu wenzake walipokuwa wakiandika ili wasome, yeye alikuwa akiandika ili herufi zipendeze. Leo hii maduka matatu ya mtaani kwao yana majina aliyoyaandika yeye, na kila ikifika Maulidi ndiye anayeitwa kuandika mabango. Malipo yake huwa ni soda na dua.

Mama amepokea zamu yake ya upatu, shilingi laki tisa. Mjomba mmoja wa kijana anashauri fedha hizo ziende katika kurudia mtihani, kijana apate cheti, kisha asomee uhasibu. Mjomba wa pili anamfahamu fundi wa nakshi za milango kule Unguja, aliye tayari kumchukua kijana kwa miaka mitatu. Wajomba wamekwisha kugombana. Kijana mwenyewe amenyamaza. Mama anatuuliza: “Ndugu zangu, nimwekee mwanangu fedha hizi katika karatasi au katika mti?”

Kabla ya kumjibu, hatuna budi kukiri jambo. Miaka kadhaa iliyopita baba mmoja alituuliza swali linalofanana na hili kuhusu mwanawe aliyependa kuchora. Tulimjibu hapa hapa, kwa maneno makavu na kwa uhakika mwingi, kwamba mchoro haulishi mtu, amnyang’anye kijana daftari zile na ampeleke akasomee kazi ya kueleweka. Baba yule alitutii. Ramadhani iliyopita tulikutana naye baada ya Tarawehe. Hakutulaumu. Alituambia kijana anafanya kazi ya stoo, mshahara wake unaingia, na anawasaidia wazazi. Kisha akasema kwa sauti ya chini, “Lakini hachori tena. Hata jina lake haliandiki kwa raha.”

Tulirudi nyumbani na maneno yale. Hatusemi kwamba kazi ya stoo ni mbaya; riziki ya halali haina aibu. Tunachosema ni kwamba tulijibu bila kuuliza kitu chochote. Hatukuuliza daftari zile zilikuwa na nini ndani yake, wala kama pana mahali pa kujifunza, wala kama kijana angeweza kushika vyote viwili. Tulikosea, na kosa la mshauri hulipwa na aliyeshauriwa. Kwa hiyo safari hii tumeuliza kwanza.

Urithi tunaoukalia

Jambo la kwanza tulilolikumbuka ni kwamba sanaa anayoipenda kijana huyu haikuja pwani yetu na watalii. Katika msikiti wa kale wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, kuna maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na mwaka 1107 Miladia. Yupo mtu aliyekaa na patasi yake karne tisa zilizopita akalilainisha jiwe la baharini mpaka likasema. Na mtu huyo hakuzaliwa akijua. Alikaa mbele ya mwalimu, na yupo aliyemlisha wakati akijifunza.

Nenda kaskazini, katika kisiwa cha Pate, Kenya. Mji wa Siyu ulisifika kwa wanazuoni, waandishi, na mafundi wa ngozi na mbao. Misahafu iliyonakiliwa huko kwa mkono katika karne ya 18 na ya 19, ikapambwa kwa wino mweusi, mwekundu na wa njano, leo inasomwa na watafiti kama hazina. Mwandishi wa Siyu alikuwa mtu wa kazi. Alichonga kalamu yake ya tete na kuchanganya wino wake, na watu walimlipa.

Kisha tazama milango ya Mji Mkongwe na ya Lamu. Katika mfaa, ule mhimili wa katikati, na katika miimo na kizingiti cha juu, utaona mawaridi, yungiyungi, samaki, minyororo, na juu kabisa, katika milango mingi, maandishi ya Kiarabu. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001. Dunia imekiri kwamba kazi ile ni ya thamani. Lakini mlango hauna uzao. Mlango ukioza, anayeweza kuzaa mwingine ni fundi, na fundi huzaliwa na fundi mwenziwe. Fundi mzee akifa bila mwanafunzi, orodha ya UNESCO haitashika patasi.

Mwaka 2021 UNESCO iliingiza khati ya Kiarabu katika orodha ya urithi usioshikika wa wanadamu, kwa maombi ya pamoja ya nchi kumi na sita za Kiarabu, Oman ikiwa mojawapo. Mwaka huo huo Uturuki nayo iliandikisha khati yake. Pwani yetu, yenye jiwe la mwaka 500 Hijria, haimo katika maombi hayo. Hatulisemi hili kwa kulalamika. Wenzetu wana shule, wana walimu, wana daftari za wanafunzi. Anayetaka kuhesabiwa huanza kwa kufundisha.

Waziri na mwana wa bawabu

Wapo wazazi wanaodhani kwamba sanaa ni kimbilio la walioshindwa shule. Kwa hawa tuna visa viwili vya Baghdad.

Wa kwanza ni Ibn Muqla, aliyefariki mwaka 940. Huyu alikuwa waziri wa makhalifa watatu wa Bani Abbas, mtu wa daftari za kodi na barua za dola. Ndani ya kazi hiyo alilitazama tatizo ambalo kila karani alilijua: kila mtu aliandika alivyotaka. Akaiwekea khati kanuni ya vipimo. Nukta iliyowekwa kwa kalamu ndiyo iliyokuwa kipimo, na herufi zote zikapimwa kwa alifu na kwa duara lake. Mpaka leo mwanafunzi wa khati ya thuluthi hufundishwa kuihesabu alifu kwa nukta saba. Sanaa hiyo ilitoka katika kichwa cha mtu wa hesabu. Siasa za zama zake zilimgeukia, mkono wake wa kuume ukakatwa, lakini kanuni yake haikukatika.

Wa pili ni Ibn al-Bawwab, aliyefariki mwaka 1022. Jina lake lasema mwenyewe: mwana wa bawabu, yaani mwana wa mlinzi wa mlango. Alianza kwa kupaka rangi na kupamba nyumba za watu, akahamia katika kupamba vitabu, kisha akaingia katika khati na kuisafisha njia ya Ibn Muqla. Msahafu unaonasibishwa na mkono wake, wa mwaka 391 Hijria, umehifadhiwa katika maktaba ya Chester Beatty mjini Dublin, Ireland. Kijana wa Tanga anayeandika majina ya maduka, kwa hakika, hayuko mbali sana na mahali alipoanzia mwana wa bawabu.

Tumeleta visa hivi viwili pamoja kwa makusudi. Mmoja alikuwa na cheo na akaitia elimu yake katika sanaa. Mwingine hakuwa na cheo, na sanaa ikampa. Milango ni miwili, na nyumba ni moja.

Namna inavyofundishwa

Msomaji anaweza kuuliza: je, khati ni somo kweli, au ni kipaji tu? Ni somo, tena lenye adabu na ngazi. Katika njia ya Istanbul, ambayo ndiyo inayofuatwa na wengi duniani, mwanafunzi huanza na herufi moja moja. Huiandika herufi ile mara nyingi, humpelekea mwalimu, na mwalimu huandika masahihisho yake chini yake, hupiga nukta za kupimia na kumrudisha akaandike tena. Baada ya herufi moja moja huja herufi mbili zilizoungana, kisha maneno, kisha ibara. Huenda ikachukua miaka kadhaa. Mwishoni mwanafunzi huandika kipande kamili kwa kufuata kazi ya bingwa aliyetangulia, na walimu wakiridhika humwandikia ijaza chini ya kazi hiyo, kumruhusu kutia sahihi yake na kufundisha. Msomaji aliyesoma kwa masheikh wetu anaijua ijaza. Ni silsila ile ile ya kutoka mkono kwa mkono.

Kwa walio watu wazima na wenye kazi zao, mfano wa Mohamed Zakariya unatutosha. Ni Mmarekani, mzaliwa wa Ventura, California, mwaka 1942, aliyepata kuwa fundi wa mitambo. Alisilimu akiwa kijana baada ya kusafiri Morocco, akajifundisha khati mwenyewe kwa miaka mingi. Miaka ya 1980 kituo cha utafiti wa historia, sanaa na utamaduni wa Kiislamu kilichoko Istanbul, kinachojulikana kwa kifupi IRCICA, kilimkaribisha kusoma. Huko aliambiwa aanze upya, kutoka herufi ya kwanza. Mtu mzima, mwenye jina lake, akakubali. Aliendelea kwa mwalimu Hasan Çelebi kwa njia ya posta: karatasi zikienda Uturuki na kurudi Marekani zikiwa zimesahihishwa. Mwaka 1988 alipata ijaza yake, akiwa na miaka arubaini na sita. Mwaka 2001 Posta ya Marekani ilitoa stempu ya Idi, na khati ya stempu hiyo ni ya mkono wake.

Zamani hizo ilikuwa posta. Leo picha ya daftari humfikia mwalimu wa nchi ya mbali kabla wino haujakauka. Kituo hicho cha Istanbul kimekuwa kikiendesha mashindano ya kimataifa ya khati tangu mwaka 1986, kila baada ya miaka mitatu hivi, na mashindano ya kwanza yalipewa jina la bingwa Hamid Aytaç. Hayamuulizi mtu cheti cha kidato cha nne. Yanautazama mkono.

Milango iliyo karibu

Si kila mtoto atakwenda Istanbul, na si kila mtoto anapenda khati. Tutaje basi yaliyo karibu, ili mzazi asije akasema hakuna pa kwenda.

Bagamoyo kuna chuo cha serikali cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho leo kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, yaani TaSUBa. Hutoa mafunzo ya sanaa za ufundi na za maonyesho. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina masomo ya sanaa kwa ngazi ya shahada. Kampala, Chuo Kikuu cha Makerere kina shule ya sanaa yenye mizizi katika madarasa aliyoyaanzisha Margaret Trowell mwaka 1937, na wasanii wengi wa Afrika Mashariki wamepita hapo. Mikocheni, Dar es Salaam, kuna Nafasi Art Space, iliyoanza mwaka 2008, penye karakana za wasanii na mafunzo kwa vijana. Vyuo vya VETA hufundisha useremala, ushonaji na fani nyinginezo zinazozaa sanaa.

Kuna jambo la VETA ambalo wengi hawalijui, na linawahusu hasa watu wazima. Fundi aliyejifunza kwa kukaa karakanani, bila kupita darasani, anaweza kupimwa ujuzi wake na kupewa cheti kinachoutambua. Fundi nakshi mwenye miaka ishirini ya kazi, ambaye hakuwahi kuomba zabuni kwa sababu hana karatasi, ana njia ya kuipata karatasi hiyo bila kurudi kukaa na watoto. Mjomba wa kwanza anayetaka cheti na mjomba wa pili anayetaka ufundi wangelijua hili, huenda wasingegombana.

Mabinti wetu nao tusiwasahau. Mwanamke anayeshona kofia ya mkono amebeba hesabu kichwani, kwani tundu moja likikosewa ua zima hupotoka. Anayepiga hina anabuni umbo linalofuata kiganja. Ujuzi huo huo ukikutana na kompyuta unakuwa ubunifu wa vitambaa, wa majalada ya vitabu, wa michoro ya vitabu vya watoto. Tazama vitabu vya madrasa wanavyosomea watoto wetu: karatasi hafifu, herufi zilizobanana, jalada lisilomvutia mtoto. Kazi hiyo inamngoja mtu, na anaweza kuifanyia nyumbani.

Na wenye taaluma, wao je? Mwalimu wa hesabu akijifunza nakshi za kijiometri atawafundisha wanafunzi pembe na ulinganifu kwa bikari na rula, nao watazielewa kwa macho. Msanifu majengo akiijua khati hatabandika maandishi ya plastiki juu ya mihrabu. Mchapaji akijua vipimo vya herufi, mabango yake yatasomeka. Hatumwambii mtu aache kazi. Saa mbili za Jumamosi kwa miaka mitatu ni nyingi kuliko anavyodhani.

Tunajua wapo watakaotuuliza kuhusu muziki na kuhusu kuchora viumbe wenye roho. Wanazuoni wamehitilafiana katika hayo, na ukurasa huu si mahali pa kukata fatwa. Kila familia imrejee sheikh inayemwamini. Lakini tusiifanye hitilafu hiyo kuwa kisingizio cha kufunga kila mlango. Khati, nakshi, ushonaji, usanifu, ushairi, uchapaji wa vitabu: haya yalistawi mikononi mwa wachamungu, na uwanja wake ni mpana kuliko vijana tulio nao.

Hesabu ya laki tisa

Sasa tukurejee wewe, mama yetu wa Tanga.

Tulimwomba mjomba wa pili atuunganishe na fundi wa Unguja. Tulizungumza naye kwa simu, tukamuuliza maswali, nasi tunayaandika hapa kwa sababu yatawafaa wazazi wengine.

Tulimuuliza kwanza: mwanafunzi wako ataishika lini patasi? Wapo mafundi ambao mwanafunzi kwao hupiga msasa na kuchemsha chai mwaka mzima. Fundi huyu alisema: mwezi wa kwanza atanoa tu, mwezi wa pili atachonga mnyororo katika mbao mbovu. Tuliridhika, kwa sababu asiyejua kunoa huharibu mti wa mwenyewe.

Pili: ataanza lini kupata chochote? Akasema mwaka wa kwanza ni chakula cha mchana tu, mwaka wa pili posho, mwaka wa tatu fungu la kazi atakayoigusa. Tulimwomba hayo yaandikwe, na mashahidi wawili watie sahihi, mmoja wa kila upande. Hakupenda. Alisema yeye alifundishwa kwa neno la mdomo. Tulimjibu kwamba nasi tunaliheshimu neno, na kwamba deni huandikwa si kwa sababu watu ni waongo, bali kwa sababu watu husahau na hufa. Alinyamaza kidogo, akakubali.

Tatu: michoro atakayoibuni kijana itakuwa ya nani? Swali hili lilimshangaza. Tanzania Bara ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, na Zanzibar ina yake ya mwaka 2003. Nakshi aliyoibuni mtu ina mwenyewe. Tulikubaliana kwamba kazi za karakana ni za karakana, na daftari la kijana ni la kijana.

Nne: je, kijana ana muda wa kusoma? Hapa ndipo jibu letu lilipo. Fundi hufunga karakana saa kumi. Hatuoni sababu ya kumlazimisha kijana achague kati ya karatasi na mti. Asirudie mtihani mzima. Ajiandikishe kama mtahiniwa wa kujitegemea kwa masomo machache atakayoyahitaji kweli: hesabu, kwa sababu nakshi ni hesabu, Kiingereza, kwa sababu mteja wa mlango huenda asijue Kiswahili, na Kiarabu, kwa sababu si haki mtu achonge neno asilolisoma. Asome jioni.

Na fedha, mama, usizitoe zote. Gawa laki tisa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la nauli, godoro, na seti ya patasi za kijana mwenyewe, ziwe mali yake hata akiondoka. Fungu la pili ni la mitihani. Fungu la tatu libaki kwako, kwa wadogo zake watatu, maana nao ni amana yako na hawakuandika mabango ili waonekane. Baada ya miezi mitatu nenda ukaione kazi kwa macho yako. Usimuulize fundi kama kijana anafaa. Omba kuonyeshwa mbao mbovu za mwezi wa kwanza na za mwezi wa tatu. Ukiona tofauti, muache. Usipoiona, mrudishe nyumbani bila matusi. Utakuwa umepoteza miezi mitatu, si mwana.

Hatukuahidi utajiri. Wateja wa milango ya nakshi si wengi, mti mzuri wa mvule na msaji umekuwa ghali, na mlango wa kiwandani huuzwa kwa bei ambayo patasi haiwezi kushindana nayo. Ipo miezi ambayo fundi hana kazi. Ndiyo maana tukasisitiza hesabu na lugha: awe na mguu wa pili wa kusimamia. Lakini hata uhasibu una vijana wengi waliokaa vibarazani na vyeti vyao kwenye bahasha. Hakuna njia isiyo na hatari, iliyopo ni njia ambayo kijana ataivumilia hatari yake.

Jambo moja zaidi. Umetuandikia kurasa nne, umetaja maneno ya mjomba wa kwanza na ya mjomba wa pili, ya mwalimu wa zamani, na hata ya jirani. Hukutaja neno hata moja la kijana mwenyewe ila kwamba amenyamaza. Kabla hujaifungua laki tisa, mkalishe baada ya swala ya Ishaa, mbali na wajomba, umuulize. Umpe muda wa kujibu. Kijana aliyezoea kuadhibiwa kwa sababu ya kitu anachokipenda hujifunza kukificha.

Kwa jamaa wengine

Misikiti yetu hununua mazulia, saa za ukutani na vipaza sauti, na kila kimoja kina mfadhili. Tunawauliza wafadhili hao: je, haiwezekani kila msikiti wa mji ukamchukulia kijana mmoja gharama za kujifunza khati au nakshi kwa miaka mitatu, kwa sharti kwamba akihitimu atafundisha watoto wa madrasa siku moja kwa wiki? Zamani wakfu ulilisha walimu na waandishi. Aliyelichonga jiwe la Kizimkazi hakuwa akila hewa.

Na kwa baba yule tuliyemshauri vibaya, kama anasoma ukurasa huu: tunakuomba radhi, wewe na mwanao. Tumekutumia, kwa mkono wa yule jamaa tuliyekutana naye pamoja msikitini, daftari tupu, wino, na kalamu mbili za tete zilizokwisha kuchongwa. Usimpe kwa maneno mengi. Ziweke tu mezani mahali anapokula. Kijana wa stoo ana Jumamosi zake, na Zakariya alianza upya akiwa mkubwa kuliko yeye.

Mama wa Tanga, tuandikie baada ya miezi mitatu, utueleze mbao zile zilisema nini.

Wabillahi tawfiq.